Fizikia ya chembe inatufaa nini sisi wa Malindi? Jibu kwa mwalimu

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Malindi. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu wakaridhika. Wazungu wanatumia mabilioni kugonganisha chembe, vipande vidogo kuliko atomu, chini ya ardhi huko Uswisi. Sisi huku tunapata nini? Mzazi mmoja naye akauliza kama haya ndiyo yale mambo ya nyuklia yaliyoleta mvutano kule Uyombo. Na lau siku moja Afrika Mashariki ingejengewa maabara ya namna hiyo, je, wenyeji wangefaidika, au ingekuwa kama kituo cha anga cha Ngomeni ambacho wengi wetu tunakitazama tu tukiwa ufukweni?

Jibu:

Salaam aleikum, Mwalimu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo zito. Maabara ya chembe hulineemesha eneo lake pale watu wa eneo hilo wanapoingia ndani na kushika kazi: kuunda vigunduzi (vyombo vya kunasia chembe), kutunza pampu na sumaku, kuandika programu, kuchambua data. Ujirani peke yake hauleti kitu. Ushahidi wa hayo uko hapo hapo kwenu, na wanafunzi wako hawahitaji kupanda ndege kwenda Geneva kuutafuta.

Karibu kila mtu Malindi anajua kwamba Waitaliano walikuwa wakirusha roketi Ngomeni. Wachache wameelezwa roketi zile zilibeba nini. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 zilirushwa setilaiti 9 kutoka jukwaa la San Marco, lile lililosimama baharini, na 5 kati yake zilikwenda kupima chembe au miale yenye nishati kubwa. Ya kwanza katika hizo 5 ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye anga za mbali. Orodha ya mwisho iliyotokana na data yake ina vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilionekana kikipepesa kwa haraka sana, na kitu kinachobadilika kwa haraka kiasi hicho lazima kiwe kidogo mno kwa umbo. Kilipokuja kupimwa uzito wake kwa kuifuatilia nyota inayozungukana nacho, wanafizikia wakaanza kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa nini Ngomeni? Sababu ya kwanza wanafunzi wako wataipata wenyewe ukiwauliza: mko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na hapo ardhi inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi ndogo inaanza safari na kasi ya bure. Sababu ya pili ndiyo inayonipendeza zaidi. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, usumaku wa dunia ni dhaifu, na protoni zilizonaswa humo hushuka chini kuliko kwingineko. Setilaiti ikipita katikati yake, vihesabio vyake hujaa kelele. Ukiirusha kutoka ikweta, ikazunguka juu ya ikweta, inaepuka sehemu kubwa ya kelele hiyo. Kwa setilaiti za namna hii, fizikia ya chembe yenyewe iliipendelea Malindi.

Mwaka 1971 ikafuata setilaiti ya kupima chembe zenye chaji zilizonaswa katika usumaku wa dunia, na Novemba 1972 ikaenda SAS-2, ya miale ya gama. Hii ya mwisho muieleze darasani kwa utulivu, kwa sababu kigunduzi chake kilitoka moja kwa moja katika maabara za chembe. Mwale wa gama ukigonga bamba la metali nzito hugeuka kuwa elektroni na positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Chembe hizo mbili zinapopita katika tabaka za nyaya zenye volti kubwa huacha cheche, na mstari wa cheche unaonyesha mwale ulitoka upande gani, kama nyayo za kaa kwenye mchanga zinavyoonyesha alikotokea. Miaka 35 baadaye Waitaliano walirusha setilaiti ya AGILE, iliyofanya kazi ileile kwa tabaka za tangsteni na silikoni, vigunduzi vya ukoo mmoja na vile vya CERN, ile maabara ya chembe iliyoko Uswisi. Hiyo ilirushwa kutoka India, lakini data yake ilikuwa ikishuka kupitia antena ya Malindi hadi kazi yake ilipokoma mwaka 2024. Data ya setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004, na ya NuSTAR, iliyorushwa 2012, nayo imekuwa ikipitia hapo.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba data ilishuka Ngomeni ikaendelea na safari yake hadi Ulaya na Marekani, na makala za kisayansi zikaandikwa huko. Uhuru ilipokuwa angani, Pwani yote haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilianza mwaka 2007 kikiwa chuo kishiriki, kikapata hadhi kamili 2013. Kwa hiyo ugunduzi mkubwa ulipita juu ya vichwa vya watu ambao hawakuandaliwa mahali pa kuupokea. Hilo linaniuma, na sioni haja ya kulifunika. Ila mambo yameanza kusogea. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia, uliotiwa saini Trento mwaka 2016, umeweka mafunzo ndani yake, na mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Hapo Mkenya alishika bisibisi mwenyewe.

Sasa Uswisi. CERN iliundwa mwaka 1954 na nchi 12 za Ulaya, miaka 9 tu baada ya vita vilivyozigombanisha, kwa sharti kwamba haitafanya kazi ya kijeshi na matokeo yake yatatangazwa kwa wote. Mtambo wake mkubwa, LHC, ni mviringo wa kilomita 27, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Protoni zinakimbizwa humo karibu na kasi ya mwanga na kugonganishwa. Nishati ya mgongano inageuka kuwa chembe mpya, na kwa njia hiyo tarehe 4 Julai 2012 ikatangazwa kwamba chembe ya Higgs, inayohusiana na namna chembe nyingine zinavyopata uzito, imepatikana. Gharama ni zaidi ya faranga bilioni 1 za Uswisi kila mwaka, zinazochangwa na nchi wanachama.

Wanachama wanalipa kwa nini? Wanafunzi husikia kwamba CERN ndiyo iliyovumbua intaneti. Si kweli, warekebishe. Intaneti ilikuwapo. Alichobuni Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1989 ni wavuti, mfumo wa kurasa zilizounganishwa ambao wanausoma kwenye simu zao, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa kwa ulimwengu bila malipo. Lakini faida kubwa ya nchi wanachama iko kwa watu. Wengi wanaosomea shahada ya uzamivu katika majaribio ya chembe hawabaki kwenye fizikia. Wanaingia viwandani, hospitalini, benki, kwenye kampuni za programu, na ujuzi wao wanakwenda nao. Na kati ya waajiriwa wa CERN wenyewe, wahandisi na mafundi ni wengi kuliko wanafizikia. Kijana anayejua kuchomelea chuma cha pua bila tundu hata moja la kuvujisha hewa ana thamani kubwa sana katika maabara hizi. Wale wanafunzi wako wanaoelekea chuo cha ufundi waambie hivyo. Huwa tunawasahau kila tunapozungumzia sayansi.

Hapa nikae kidogo kwenye saratani, maana ndipo fizikia hii inapogusa nyumba zetu.

Mashine inayoitwa linac, ambayo mgonjwa hulala chini yake kupata tiba ya mionzi, ni kiongeza kasi cha chembe. Inazikimbiza elektroni ndani ya bomba la metali kwa mawimbi ya maikrowevu, inazigongesha kwenye tangsteni, na hapo zinatoka eksirei kali zinazoelekezwa kwenye uvimbe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya aina hii London mwaka 1953. Duniani leo kuna zaidi ya viongeza kasi 30,000, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotumika kwa utafiti kama wa LHC. Vilivyobaki viko hospitalini na viwandani. Wakati huohuo, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa saratani mwaka 2022, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na tiba ya mionzi kabisa.

Na kununua mashine si mwisho wa shida. Linac za kawaida zimesanifiwa kwa hospitali zenye umeme usiokatika, hewa kavu ya kiyoyozi na fundi wa kampuni aliye umbali wa saa moja. Ilete mahali ambapo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, utupu ndani ya bomba huharibika, injini ndogo zinazosogeza vibamba vya risasi na tangsteni hukwama, na wagonjwa wanarudishwa nyumbani katikati ya dozi. Wataalamu wa CERN na wenzao wa vyuo vya Uingereza wamekaa na madaktari na mafundi wa hospitali za Afrika katika mradi uitwao STELLA, kusanifu linac itakayovumilia hali hizo. Ninauthamini mradi huu kuliko yote niliyoitaja hapa, kwa sababu unamuuliza fundi wa Afrika kinachoharibika ni nini, kisha unasanifu kutokana na jibu lake.

Kuna mfano mwingine unaoweza kuufanya hesabu ya darasani kesho asubuhi. Kipimo cha PET huonyesha saratani ilipoenea mwilini kwa kutumia positroni, chembe iliyogunduliwa mwaka 1932 katika miale ya anga, yaani chembe zinazoinyeshea dunia kutoka anga za mbali. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18, na florini hiyo hutengenezwa kwa kiongeza kasi kidogo kiitwacho saiklotroni. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi imekuwa nayo tangu 2018. Tatizo ni kwamba florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Ipakie kwenye gari Nairobi usiku, ifike Malindi baada ya saa 10: imebaki chini ya sehemu moja ya arobaini. Ipeleke kwa ndege, jumla ya saa 3 tangu mlango hadi mlango, imebaki takriban theluthi moja. Wanafunzi wako wakishapata namba hizo watakuambia wenyewe kwa nini mgonjwa wa Lamu au Malindi ndiye anayelazimika kuifuata dawa Nairobi, na kwa nini saiklotroni moja Mombasa ingebadilisha maisha ya Pwani nzima. Wakati wa kuoza kwa atomu haubadilishwi na tamko la mtu yeyote. Kinachoweza kubadilishwa ni mahali pa kuiweka mashine. Ukinidai mfano mmoja wa faida ya kieneo, nitakupa huu.

Kwa yule mzazi: hapana, si mambo ya Uyombo. Kule kilichopendekezwa ni kinu cha umeme, ambamo kuna mafuta ya urani yanayopasuka mfululizo na mabaki yanayohitaji kulindwa kwa vizazi vingi. Wananchi waliuliza maswali kuhusu ardhi, uvuvi na msitu, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kiongeza kasi hakina mafuta. Ukizima umeme, mwale wa chembe unakufa papo hapo. Baadhi ya vipande vilivyo karibu na mwale hubaki na mionzi na lazima vitunzwe kwa utaratibu, hilo lisifichwe, lakini hakuna kitu kinachoweza kuendelea kupasuka chenyewe.

Somo la Uyombo linahusu maabara yoyote hata hivyo. Pwani ina kumbukumbu ndefu ya ardhi iliyochukuliwa kwa ahadi. Anayetaka kuleta mtambo wa kisayansi, hata ulio salama kama friji, aanze na wazee wa kijiji na hati za ardhi kabla ya kuleta wapimaji.

Ukitaka kuona eneo lililofaulu, tazama Jordan. Pale Allan, nje ya Amman, kuna SESAME, kiongeza kasi kinachotoa mwanga mkali wa eksirei wa kuchunguza protini, udongo, metali na vitu vya kale. Kilianza na vipande vya mashine ya zamani iliyotolewa na Berlin. Katika baraza lake wameketi Misri, Uturuki, Pakistan, Palestina, Kupro, Iran na Israeli, nchi ambazo baadhi yake hazisalimiani kwingineko. Kilizinduliwa Mei 2017, na mwaka 2019 kikaanza kupata umeme wake kutoka kwenye shamba la sola. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: walianza kufundisha vijana wao zaidi ya miaka 10 kabla mashine haijawashwa. Ilipowaka, mafundi wenyeji walikuwa tayari.

Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi lisilo na mashine ya aina hiyo, na tangu 2015 wanafizikia wetu wamejipanga kuidai. Mtafiti wa malaria anayetaka kuona umbo la protini ya kimelea hana mashine ya aina hiyo barani; sampuli huenda nje, kama vile Grenoble, Ufaransa, au Uingereza. Kilifi ni jina kubwa duniani katika utafiti wa malaria, kwa hiyo usidhani jambo hili liko mbali nanyi. Namibia nayo imekuwa mwenyeji wa darubini za H.E.S.S. za miale ya gama tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Namibia wamo katika timu hiyo.

Mimi singeomba Malindi ipewe mtambo mkubwa kwanza. Ningeomba watu watangulie, mtambo uje mwisho. Shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, iliyoanza Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2010 na kufanyika Kigali mwaka 2016, huwagharimia wanafunzi inaowachagua; wahitimu wa Kilifi na Mombasa waombe. Data ya migongano ya CERN iko wazi kwa yeyote tangu 2014, na data ya Swift pia hutolewa bure. Mwanafunzi wako mwenye kompyuta anaweza kupakua leo data iliyopita kwenye antena anayoiona akiwa njiani kwenda Ngomeni. Ningependa sana kuona makala ya kwanza juu ya data hiyo yenye jina la mtoto wa Malindi juu yake.

Kwa darasa lako, kuna jambo la kuanza nalo muhula huu. Muoni, chembe iliyo kama elektroni lakini nzito zaidi, huzaliwa juu angani miale ya anga inapogonga hewa, na kwenye usawa wa bahari hupita takriban moja kwa dakika katika kila sentimita mraba. Viganja vya wanafunzi wako vinapitiwa hivi sasa. Kigunduzi chake kinaweza kuundwa kwa kipande cha plastiki inayometa, kihisio cha mwanga cha silikoni na kompyuta ndogo, kwa takriban dola 100; michoro iko wazi mtandaoni chini ya jina CosmicWatch. Undeni viwili, mviweke kimoja juu ya kingine, mhesabu muoni zile tu zinazopita vyote viwili kwa wakati mmoja. Mbinu hiyo ya kuhesabu ilibuniwa mwaka 1930 na Mwitaliano Bruno Rossi. Mwaka 1933 Rossi alipeleka vyombo vyake Asmara, Eritrea, karibu na ikweta ya kisumaku, akakuta miale mingi zaidi inatoka magharibi kuliko mashariki. Hilo lilionyesha kwamba miale ya anga kwa sehemu kubwa ni chembe zenye chaji chanya, zinazopindwa na usumaku wa dunia. Rossi huyohuyo, baada ya kufukuzwa kazi Italia kwa sheria za ubaguzi za 1938 na kuhamia Marekani, ndiye aliyemshawishi Giacconi atafute eksirei za angani, kazi iliyokuja kupaa kutoka Ngomeni.

Nanyi mko karibu na ikweta ya kisumaku. Inamisheni vigunduzi nyuzi 45, mara kuelekea magharibi, mara mashariki. Kwenye usawa wa bahari tofauti ni ndogo kuliko Asmara, kwa hiyo hesabu chache hazitaonyesha kitu: hesabu 10,000 zina kosa la 100, yaani asilimia 1, na mtahitaji angalau hizo kila upande. Wekeni mahali penye paa jepesi, pasipo na ukuta mzito upande mmoja. Badilisheni pande kila baada ya saa chache, ili kupanda na kushuka kwa mgandamizo wa hewa kusije kukaonekana ni tofauti ya pande, na andikeni saa na mgandamizo katika kila mstari wa jedwali. Mkimaliza nitumieni majedwali yote, hata yale mnayoona yameharibika, nitakaa nanyi tuyakokotoe pamoja.